BIMA YA GARI: Yanayopasa kukamilishwa kabla ya kuliondoa gari yadini

KWA Wakenya wengi, kununua gari ni tukio linalotanguliwa na miaka ya kuweka akiba katika chama cha ushirika, safari za Jumamosi katika yadi za Barabara ya Ngong jijini Nairobi au za mjini Mombasa, na mashauriano yasiyoisha na makanika wa mtaani. Mnunuzi huchungulia injini, hutikisa magurudumu, huulizia bei ya vipuri. Suala la bima huja mwishoni kabisa, mara nyingi wakati fedha zimekwisha na muuzaji keshashika ufunguo mkononi. Hapo ndipo wakala aliyeketi kwenye kona ya yadi huandika cheti cha bei ya chini kabisa, na mnunuzi huondoka bila kusoma hata ukurasa mmoja wa mkataba.

Ni utaratibu uliopinduka. Bima yafaa kushughulikiwa mapema, siku kadhaa kabla ya fedha kulipwa, kwa kuwa gharama yake ni sehemu ya bei ya gari, na kwa kuwa sheria haitoi hata siku moja ya kusubiri.

Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, ambayo ndiyo inayosimamia bima ya magari kwa ajili ya watu wa tatu, hairuhusu mtu kuliendesha gari barabarani, wala kumruhusu mwingine aliendeshe, pasi na bima. Safari ya kutoka yadini hadi nyumbani, hata iwe ya kilomita tatu, ni safari kama nyingine yoyote mbele ya afisa wa trafiki na mbele ya hakimu.

Huyo mtu wa tatu ni nani? Wa kwanza katika mkataba ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule aliyeko nje ya mkataba ambaye gari linaweza kumdhuru: mwendazake kwa miguu, mwendesha bodaboda, dereva wa gari jingine. Mwaka 2023 zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha katika barabara za nchi hii, na waendao kwa miguu ndio waliokuwa kundi kubwa zaidi. Bima ya lazima iliwekwa kwa ajili yao na jamaa zao. Haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari.

Jambo hili halieleweki vyema. Wako wanaoamini kwamba ukishabandika cheti, gari limekingwa. La hasha. Mwenye bima ya mtu wa tatu pekee akiteleza na kugonga mti, atajitengenezea gari lake kwa fedha zake mwenyewe. Likiibwa usiku, limekwenda. Isitoshe, kinacholazimishwa na sheria ni fidia ya kifo na majeraha tu. Uharibifu wa mali ya mtu wa tatu, kama vile gari ghali ulilolipiga ubavuni au ukuta wa jirani, hufidiwa kwa kadiri iliyoandikwa katika mkataba wako, na kadiri hiyo hutofautiana baina ya kampuni na kampuni.

Kuna mpaka mwingine ambao wanunuzi wachache huambiwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2006, dai la mtu mmoja aliyeumia au kufariki hulipwa na kampuni ya bima kwa kiwango kisichozidi Sh3 milioni. Mahakama haifungwi na kiwango hicho inapokadiria hasara ya mhasiriwa. Tuchukue mfano wa mhandisi mwenye umri wa miaka 32, mwenye mke na watoto wawili, anayegongwa na kufariki. Hakimu atahesabu mshahara wake na miaka ambayo angeendelea kufanya kazi. Akitoa uamuzi wa Sh7 milioni, kampuni italipa tatu, na zile nne zilizosalia zitadaiwa kwa mwenye gari. Madalali wa mahakama hawaulizi kama ulikuwa na cheti. Kwa sababu hii, anayeweza kumudu aiulize kampuni iwapo inauza nyongeza ya kinga juu ya kiwango hicho cha kisheria, na kwa bei gani.

Aina za bima

Kwa gari la binafsi, mnunuzi atatajiwa aina tatu. Ya kwanza ni hiyo ya mtu wa tatu pekee, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote. Ya pili huongeza kinga dhidi ya moto na wizi. Ya tatu ni bima kamili, ambayo inajumuisha hayo yote pamoja na uharibifu wa gari lenyewe katika ajali.

Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, kigezo cha kuchagua ni kimoja: je, gari hili likiteketea kesho asubuhi, unaweza kununua jingine bila kukopa? Ikiwa jibu ni ndiyo, bima ya mtu wa tatu yaweza kutosha. Ikiwa gari ndilo akiba yako ya miaka sita, kuliendesha bila bima kamili ni kucheza kamari na akiba hiyo. Kampuni nyingi hukataa kuyapa bima kamili magari yaliyozeeka mno, na hivyo basi anayenunua gari kuukuu yampasa aulize kwanza kabla ya kulipa, asije akagundua baadaye kwamba mlango umefungwa.

Malipo ya bima kamili hukokotolewa kama asilimia ya thamani ya gari. Tuseme kampuni inatoza asilimia 4 kwa gari la Sh1.2 milioni. Malipo ya msingi yatakuwa Sh48,000. Juu yake huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ambayo ni Sh96, na tozo ya hazina ya kuwafidia wenye bima ya asilimia 0.25, ambayo ni Sh120, pamoja na ushuru wa stampu wa Sh40. Jumla ni Sh48,256. Wakala akikuongezea ada nyingine mwombe aieleze kwa maandishi.

Thamani ya gari

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na aghalabu kwa hiari yao. Ili kupunguza malipo, mnunuzi hutaja thamani ya chini kuliko bei ya soko. Gari la Sh1.2 milioni huandikishwa kuwa la Sh800,000. Ajali inapotokea, na gharama ya matengenezo ikawa Sh300,000, hutarajia kulipwa zote. Mikataba mingi, hata hivyo, ina kifungu kisemacho kwamba aliyekata bima ya sehemu tu ya thamani huhesabiwa kuwa yeye mwenyewe ndiye mwenye kuibeba sehemu iliyobaki. Kwa kuwa alikinga theluthi mbili za gari, atalipwa theluthi mbili za hasara, yaani Sh200,000, na hata hizo zitapunguzwa zaidi kwa sababu tutakayoieleza hivi punde.

Kutaja thamani ya juu kupita kiasi nako hakufai. Gari likiharibika kabisa, kampuni hulipa bei ya soko ya siku ya ajali, si namba uliyoipenda wewe. Ulilipia hewa.

Dawa yake ni kulithamini gari. Kampuni nyingi humpa mwenye gari barua ya kulipeleka kwa mthamini anayetambuliwa, kama vile Chama cha Wenye Magari cha Kenya, AA, na kwa kawaida gharama hubebwa na kampuni yenyewe. Wakati huo huo hutoa cheti cha mwezi mmoja hivi ili gari lisikwame. Tatizo ni kwamba watu hupokea cheti hicho, wakaisahau barua ndani ya gari, na muda ukapita. Ajali ikitokea kabla ya gari kuthaminiwa, mabishano juu ya thamani huanza ukiwa huna karatasi ya kujitetea. Peleka gari wiki hiyo hiyo. Na kila mwaka unapohuisha bima, kumbuka kwamba thamani imeshuka, hivyo malipo pia yapaswa kushuka.

Maandishi madogo

Sehemu ya kwanza ya kusoma katika mkataba ni ile inayoeleza kiasi cha hasara ambacho mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Mawakala hukiita eksesi. Huenda ikawa asilimia fulani ya thamani ya gari, pamoja na kiwango cha chini kabisa kilichotajwa kwa shilingi. Katika wizi huwa kikubwa zaidi, na hukua maradufu ikiwa gari halina kifaa cha kuzuia wizi au cha kulifuatilia liliko. Dereva kijana, au aliyepata leseni majuzi, huongezewa kiasi kingine. Bima mbili zenye bei sawa zaweza kutofautiana kwa makumi ya maelfu ya shilingi hapa, na ndiyo maana kulinganisha bei pekee ni kazi bure. Kampuni nyingine huuza nyongeza ya kufuta kiasi hicho. Kwa mtu ambaye hana Sh40,000 za dharura, nyongeza hiyo ina maana.

Ya pili ni ghasia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, magari mengi yalichomwa, na wamiliki waliokuwa na bima kamili wakaarifiwa kwamba mikataba yao haikujumuisha fujo za kisiasa. Kinga ya ghasia za kisiasa na ugaidi huuzwa kama nyongeza, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara inayozuiwa. Maandamano ya Juni 2024 yaliwakumbusha wenye magari wa katikati mwa jiji somo hilo hilo. Vivyo hivyo uliza kuhusu mafuriko, hasa ikiwa unaegesha mahali ambapo maji hujaa. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilizamisha magari hata katika mitaa ya watu wenye uwezo.

Kioo cha mbele na redio huwa na viwango vyake maalumu, na kioo cha gari la kisasa chaweza kugharimu zaidi ya kiwango hicho.

Ya tatu, ambayo pengine ndiyo nzito kuliko zote, ni matumizi ya gari. Bima ya gari la binafsi ni ya shughuli za binafsi. Ukiliingiza gari hilo katika biashara ya teksi za mtandaoni, au ukilikodisha kwa harusi mwishoni mwa wiki, umetoka nje ya mkataba. Wapo wanaonunua gari dogo kwa nia hiyo toka mwanzo, lakini wakasema katika fomu kwamba ni la kuendea kazini, kwa kuwa bima ya teksi ni ghali zaidi. Wanachonunua ni cheti cha kumwonyesha askari. Fomu ya kuombea bima ni kiapo cha uaminifu: kampuni ikithibitisha kwamba ulificha jambo muhimu, ina haki ya kwenda mahakamani kuomba itangazwe kuwa haifungwi na mkataba, na hapo mhasiriwa na wewe mtabaki mnatazamana.

Abiria nao wasisahauliwe. Sheria ya lazima haimkingi jamaa unayempa lifti katika gari lako la binafsi kama inavyomkinga abiria wa matatu. Ulizia nyongeza ya dhima kwa abiria. Na anayetarajia kuvuka mpaka kuelekea Arusha, Kampala au Kigali ahakikishe amepata Kadi ya Njano ya COMESA, kwani cheti cha Kenya kikomo chake ni mpakani.

Gari kutoka ng'ambo, gari kutoka kwa jirani

Magari mengi yanayoitwa mapya hapa nchini ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo kisheria hayapaswi kuzidi umri wa miaka minane yanapoingia. Anayeagiza mwenyewe anahitaji bima mara mbili. Kwanza ni bima ya baharini, ambayo tangu Januari 2017 serikali imesisitiza inunuliwe kutoka kwa kampuni za humu nchini. Pili ni ile ya barabarani kuanzia langoni mwa bandari. Kati ya Mombasa na Nairobi pana takriban kilomita 480 za malori na mabasi ya usiku, na ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya magari hupata ajali katika safari hiyo ya kwanza kabla mwenyewe hajayaona. Bima ya baharini huenda imekwisha bandarini, na ile ya barabarani haijaanza. Kampuni za bima zinaweza kuandika kinga kwa kutumia nambari ya chesisi, hivyo hakuna sababu ya kungoja. Muulize pia dereva anayekuletea gari ikiwa leseni yake ni halali na kama mkataba unaruhusu mtu asiyekuwa wewe kuliendesha.

Anayenunua kutoka kwa mtu binafsi hukabiliwa na mtego tofauti. Muuzaji humwambia, "Bima bado ina miezi saba, nimekuachia." Ni ukarimu usio na thamani. Bima ni mkataba baina ya watu wawili. Haishikamani na chuma. Gari likishauzwa, muuzaji hana tena maslahi ndani yake, nawe hukuwahi kufanya mkataba na kampuni yake. Ama kampuni ikubali kwa maandishi kukuhamishia, ama ununue yako. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa, shughuli ambayo siku hizi hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen. Muuzaji naye asilale: yule ambaye jina lake limo katika usajili ndiye anayechukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na ndiye atakayepelekewa hati za kesi.

Kampuni yenyewe

Hata mkataba mzuri ni karatasi tu ikiwa aliyeutia saini hawezi kulipa. Mwaka 2005 kampuni ya United, iliyokuwa imekatia bima sehemu kubwa ya matatu za nchi hii, iliwekwa chini ya msimamizi. Blue Shield ilifuata mwaka 2011, Concord mwaka 2013, na Resolution mwaka 2022. Kila mara, wenye magari waliokuwa wamelipa kila shilingi waliyodaiwa walijikuta wakikabiliwa na kesi za wahasiriwa bila wa kuwasimamia. Ipo Hazina ya Kuwafidia Wenye Bima, ile ile inayochangiwa kwa tozo tuliyoitaja, lakini malipo yake yana kikomo, na hayamkaribii mtu aliyehukumiwa kulipa mamilioni.

Mnunuzi wa kawaida hawezi kukagua vitabu vya kampuni. Anaweza, hata hivyo, kuthibitisha kwamba imo katika orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na kwamba wakala au dalali wake pia amepewa leseni. Anaweza kuwauliza wenye gereji zinazotengeneza magari yaliyopata ajali, maana hao wanajua vyema kuliko mtu yeyote ni kampuni gani hulipa na ni ipi inayoacha magari yaote nyasi uani. Kampuni inayotoza nusu ya bei ya wenzake imepata wapi fedha za kulipa madai?

Malipo yafanywe moja kwa moja kwa kampuni, kwa nambari yake rasmi ya malipo, wala si kwa simu ya wakala. Sheria ya Bima hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla haijapokea malipo, hivyo wakala anayesema "nitakulipia kwanza, utanirudishia mwisho wa mwezi" anakuweka mashakani hata ikiwa ana nia njema. Vyeti bandia vimekuwa tatizo sugu. Kwa kuwa vyeti siku hizi hutolewa kwa mfumo wa kidijitali ulioanzishwa na Chama cha Kampuni za Bima, AKI, thibitisha chako katika mfumo huo ukiwa ungali yadini, ukilinganisha nambari ya usajili, nambari ya chesisi na tarehe ya kuanza. Kosa la herufi moja katika nambari ya usajili limewahi kuwagharimu watu miezi ya mizunguko.

Aliyenunua kwa mkopo wa benki hana uhuru wa kuchagua aina ya bima: benki hudai bima kamili, na jina lake huandikwa katika mkataba. Ana uhuru, hata hivyo, wa kuuliza iwapo analazimika kutumia kampuni iliyopendekezwa na benki, na kuomba nakala yake mwenyewe ya mkataba badala ya kuridhika kwamba "uko kwenye faili". Aelewe pia kwamba gari likiharibika kabisa, benki ndiyo hulipwa kwanza. Katika mwaka wa kwanza na wa pili, thamani ya gari hushuka upesi kuliko deni, na mtu anaweza kujikuta hana gari na bado anadaiwa Sh200,000. Kulipa arbuni kubwa zaidi mwanzoni hupunguza pengo hilo.

Ikiwa uliwahi kuwa na gari jingine na hukuwahi kudai, omba barua kutoka kwa kampuni ya zamani. Kampuni mpya nyingi huitambua na kupunguza malipo.

Hatimaye, weka ndani ya gari karatasi yenye nambari ya simu ya kampuni, nambari ya mkataba na tarehe ya mwisho ya cheti. Ajali ikitokea, piga picha kabla ya magari kuondolewa, ripoti katika kituo cha polisi ili upate abstrakti, na uiarifu kampuni siku hiyo hiyo, hata kama aliyegongwa anasema haumwi mahali. Usikubali kosa barabarani wala usiahidi kulipa, kwani mikataba mingi inakataza. Hati yoyote ya mahakama ikikufikia, hata miaka miwili baadaye, ipeleke kwa kampuni mara moja na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokewa.